Kiapo cha Rajabu

Khadro hakuajiriwa kwa sababu ya cheti. Cheti alikuwa nacho, cha ukarani, kimelala kwenye faili na hakuna aliyewahi kukisoma. Aliajiriwa kwa sababu ya babu zake. Mtu akiingia katika ile hospitali ya kibinafsi ya ghorofa tatu mjini Garissa, amebeba mgonjwa na hofu yake, Khadro alimkaribisha kwa Kisomali, akamuuliza yeye ni wa nani. Mgeni akianza kumtajia baba, babu na baba wa babu, kabla hawajafika jina la saba wamekwisha kuwa ndugu. Baada ya hapo mgeni alikubali lolote.

Dkt. Fathi, mwenye hospitali, alilijua hilo vizuri sana. Yeye mwenyewe alikuwa Msomali aliyezaliwa na kulelewa Nairobi, na Kisomali chake kilitosha kuombea maji tu. Wazee kutoka Hulugho waliitazama suti yake wakanyamaza. "Wewe ndiwe ulimi wangu," alikuwa akimwambia Khadro, na kila mwisho wa mwezi ulimi huo ulipata bahasha yake.

Tuyaseme mambo kama yalivyokuwa. Mwanamke akizaa kwa njia ya kawaida, bima iliilipa hospitali kidogo. Akizaa kwa kisu, ililipa mara tatu. Basi wanawake ambao mama zao walizaa watoto kumi mbugani, wakiwa wamechuchumaa nyuma ya kibanda, wote walipofika kwa Dkt. Fathi wakaonekana wana nyonga nyembamba. Sijui nyonga hizo zilikonda lini, njiani au langoni. Khadro naye alikuwa na maneno yake aliyofundishwa, na aliyajua kama mtoto wa madrasa anavyoijua Fatiha: "Mtoto amechoka. Anakunywa maji machafu. Imebaki saa moja tu."

Akishayasema, mzee wa familia aliyekaa kwenye benchi la nje huchovya kidole kwenye wino na kukiweka kwenye karatasi ya ruhusa. Kidole cha mzee kilikuwa lazima. Sheria ilisema mwanamke mwenyewe anatosha, lakini Dkt. Fathi hakumgusa mtu kabla mzee wake hajakubali. Hakufanya hivyo kwa heshima. Aliwahi kuona zahanati ya mwenzake ikipigwa mawe na ndugu wa mgonjwa, naye aliyapenda madirisha yake.

Je, Khadro alijua? Alijua. Mwanzoni alijiambia kwamba yeye si daktari, labda watoto wamechoka kweli. Kisha akaacha kujiambia chochote.

Mwezi wa Rajabu alikuja mzee Alio, mfugaji wa ngamia kutoka Hulugho, amemleta binti yake Faiza. Khadro akamhesabia babu zake na wakakutana kwenye jina la tano. Tangu hapo akamwita "adeer", jina la ndugu wa baba, na mzee akamwita yeye "adeer" vilevile, kama ilivyo desturi yao mkubwa kumrudishia mtoto jina lilelile analoitwa. Alio alikuwa mgumu. Alisikiliza habari ya mtoto aliyechoka, akazungusha tasbihi yake, akauliza swali moja.

"Unaapa, adeer?"

Ilikuwa karibu na saa ya chakula. Daktari alikuwa amesimama mlangoni, anatazama saa yake. Khadro akasema, "Wallahi."

Kwa watu wale kiapo kikishatoka mjadala umekwisha. Kesi za visima na za damu ya watu huamuliwa hivyo, na anayeendelea kubisha baada ya hapo huonekana hana adabu. Alio akaweka kidole. Faiza akapasuliwa, akatolewa mtoto aliyelia kwa nguvu za kuiamsha wodi nzima, mtoto asiye na dalili ya uchovu hata kidogo. Kidonda cha mama yake kikatunga usaha, na kwa miezi miwili hakuweza kuinua hata dumu la maji. Mkunga wa zahanati ya kwao aliisoma karatasi aliyotoka nayo Faiza hospitali, akamwambia mzee kwamba haoni sababu iliyofanya binti yake akatwe.

Mzee hakurudi Garissa kulalamika. Aliliweka moyoni.

Basi Shawali ikaingia, na wauguzi na madaktari wa hospitali ya serikali walikuwa kwenye mgomo wiki ya tatu. Asubuhi moja, gari aina ya Probox likasimama mbele ya lango, limefunikwa na vumbi jekundu. Akashuka mzee Alio. Nyuma amelazwa Nasteha, mke wa mwanawe Ayanle, ana siku mbili za uchungu. Ayanle mwenyewe alikuwa mbali na ngamia, karibu na mpaka, mahali simu haishiki.

"Sikuwa na pa kwenda," Alio akamwambia Khadro. Hakumsalimu kwa marefu. "Nataka mkunga. Kisu sikitaki."

Filsan, muuguzi wa zamu, alimpima Nasteha, akatoka chumbani akiwa amebadilika rangi. Dkt. Fathi akaingia, akakaa dakika tano. Alipotoka alimvuta Khadro kando, karibu na dirisha la famasia, na kwa mara ya kwanza Khadro akaona jasho kwenye kola ya shati lake.

"Mtoto amelala kwa upande. Mkono umetangulia. Mfuko wa uzazi utapasuka wakati wowote." Akaongeza, "Khadro, huyu ni wa kweli."

Huyu ni wa kweli. Hao wengine wote walikuwa nini, basi?

Alikwenda kwanza kwa Nasteha. Msichana alikuwa ameng'ata ncha ya shungi lake, macho yamezama. Khadro akamwambia kwamba sheria inamruhusu akubali mwenyewe. Nasteha akatikisa kichwa polepole. "Aabo akikubali, nimekubali," akasema, maana baba mkwe alimwita baba.

Khadro akatoka, akaenda kwa Alio. Na hapa ndipo alipoponzwa na mazoea. Alikuwa na hofu, hofu ya kweli, na mtu mwenye hofu husema yaliyo karibu na ulimi. Akafungua mdomo, na yakatoka yaleyale: "Adeer, mtoto amechoka. Anakunywa maji machafu. Imebaki saa moja tu."

Mzee akaacha kuzungusha tasbihi.

"Hukuongeza neno," akasema. "Hukupunguza."

"Adeer, mtoto amelala vibaya, mkono umetoka. Wallahi ni kweli!"

"Hata Rajabu uliniapia."

Dkt. Fathi alikuwa amesogea, akaanza kusema Kisomali chake cha kuombea maji. Alio akamgeukia kwa Kiswahili, lugha ambayo aliitumia kwa polisi na kwa watu asiowajua tu. "Daktari, wewe nyamaza. Wewe nafanya biashara ya tumbo ya watoto yangu." Kisha akamrudia Khadro kwa Kisomali, kwa sauti ya chini.

"Nenda ukatawadhe. Uje na msahafu. Utaapa kwamba hili ni kweli, na kwamba lile la Faiza nalo lilikuwa kweli. Ukiapa yote mawili, naweka kidole."

Khadro alitawadha kwenye bomba la uani. Maji yalikuwa ya moto, jua lilikwisha pasha tangi. Kutoka chumbani alimsikia Nasteha akitoa mlio mmoja mrefu. Apige mbio, aape, yaishe? Wallahi alikuwa ameitoa mara nyingi kama chenji ya dukani, lakini msahafu hakuwahi kuugusa kwa uongo. Akawaza tena: mzee huyu si mjinga. Nikimweleza yote, bila kuacha kitu, atajua kwamba mtu hawezi kujiaibisha hivi kwa ajili ya uongo mwingine. Ukweli utaniombea.

Watu wengine mjini leo wanasema angeapa tu, Mungu ni mwingi wa kusamehe. Ni rahisi kusema ukiwa umekaa unakunywa chai ya maziwa.

Alirudi na msahafu, akaweka mkono wa kulia juu ya kitabu. "La Nasteha ni kweli," akasema. "Naapa. La Faiza lilikuwa uongo. Hakuhitaji kukatwa. Nilikudanganya, adeer, nilifundishwa nikakudanganya, na wengine pia. Lakini huyu atakufa. Weka kidole, nakuomba, kisha unifanye utakalo."

Alio hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alimtazama kwa muda kama mtu anayetazama kisima alichokinywea maji miaka mingi, kumbe kuna mzoga ndani.

"Mlimkata mwanangu mkamfanyia biashara," akasema. "Na sasa mnamtaka huyu."

Akaita vijana wawili wa ukoo waliokuwa nje. Wakambeba Nasteha pamoja na mkeka wake. Filsan alilia, akawazuia mlangoni, akasukumwa. Kuna mkunga mzee anaitwa Barwaqo katika bula moja, mtaa wa vibanda kule mwisho wa mji, aliyewahi kugeuza watoto kwa mikono yake. Walikuwa wakimpeleka huko. Khadro alilikimbilia gari hadi barabarani, kiatu kimoja kikamtoka, akapiga kioo kwa kiganja. Alio alikuwa amekaa mbele, hakugeuza shingo.

Walirudi baada ya sala ya adhuhuri. Barwaqo alikuwa ametia mkono mara moja tu, akautoa, akawaambia mrudisheni mlikotoka, mbio. Safari hii hakuna aliyedai kidole. Walimpitisha Nasteha kwenye ukumbi wa mapokezi, na damu ikafuata magurudumu ya kitanda. Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa umefunguliwa, taa zimewashwa. Hakuufikia. Alikata roho kwenye korido, mtoto wake ndani yake.

Mzee Alio alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akasema innalillahi mara nyingi bila kupumzika. Kisha akasimama, akaomba apewe maiti wake akamzike.

Dkt. Fathi alimwita Khadro ofisini. Juu ya meza kulikuwa na karatasi tatu na kibati cha wino.

"Mwambie zote ni za kuruhusu maiti itoke. Mlinzi hafungui lango bila hizi."

Khadro akazisoma. Ya kwanza ilikuwa ya kifo, ya pili ya kukabidhiwa maiti. Ya tatu ilikuwa ya bima, nayo ilisema Nasteha alipasuliwa saa saba na nusu.

"Hakupasuliwa," akasema.

"Chumba kiliandaliwa. Dawa zilifunguliwa. Nani atalipa?"

"Hakupasuliwa, daktari."

"Nani atakwenda kufukua kaburi aangalie?" Aliuliza bila ukali, kama anayeuliza bei ya sukari. "Nenda, Khadro. Wanasubiri."

Alitoka na karatasi. Alikuwa amekwisha kata shauri kabla ya kufika mwisho wa korido, na moyo wake ulikuwa mwepesi kidogo, Mungu amsamehe. Alipiga magoti mbele ya mzee. Akamwambia kwa Kisomali, kila neno mahali pake: "Adeer, hizi mbili ni za kumtoa. Hii ya tatu usiitie kidole. Anataka kulipwa na bima kwa upasuaji ambao hakuufanya. Ichukue uende nayo kwa wazee, uende nayo kwa polisi. Mimi nitasimama nawe nitoe ushahidi."

Mzee alizitazama zile karatasi asizoweza kuzisoma. Kisha akamtazama yeye. Khadro akangoja aulizwe kama anaapa. Alikuwa tayari kuapa hadi sauti imkauke.

Hakuulizwa. Alio alijibu kwa Kiswahili.

"Sista," akasema, "leta wino. Mimi nataka maiti yangu bas. Nataka zika mtoto kabla ya alasiri."

"Adeer..."

"Leta wino, sista."

Khadro akakishika kibati kwa mikono miwili. Mzee akachovya kidole, akakiweka kwenye karatasi ya kwanza, kwenye ya pili, na kwenye ya tatu, kisha akakifuta ukutani na kwenda kuwasaidia vijana kubeba.