Mstari wa Daphrose

Usijifanye unafunga kamba ya kiatu. Nimekuona ukitazama pembeni, kama ulivyotazama pembeni miaka mitano iliyopita.

Siku ile Daphrose, fundi cherehani wa hapa Rwezamenyo, aligombea ukuu wa mtaa wetu akiwa na gauni la kijivu, bila hereni. Mkasema, "Amekaa kama mfiwa, huyu ataongoza nani?" Mimi sisahau.

Leo amekuja na mushanana, vazi letu la sherehe, ya rangi ya dhahabu aliyoishona mwenyewe, imefungwa begani, midomo myekundu, viatu virefu juu ya mawe haya yetu. Damascène, mkuu wetu wa sasa, ambaye koti lake ni lile lile la mwaka ule na hakuna aliyelisema, akamwita Daphrose kwa jina la mwanawe, kwa sauti: "Mama Annick, bwana harusi yuko wapi?"

Mkacheka. Daphrose akangoja mmalize.

"Yuko mtaroni, mzee. Ametumbukia akitafuta lile daraja ulilotuahidi."

Kisha akazitaja nyumba tisa zilizoingiwa na maji ya mtaro huo, moja moja, kwa majina ya wenyewe, bila karatasi. Yako ilikuwa ya nne.

Sasa tunapiga kura kwa kujipanga nyuma ya mgombea. Nyuma ya Damascène mko arobaini na wawili. Nyuma ya Daphrose tuko arobaini na mmoja, na yeye amesimama wima, wala hageuki kutuhesabu.

Karani bado hajakufikia. Achana na hicho kiatu. Vuka uje huku, sasa hivi.