Salamu za Porini Hazina Wasikilizaji

Apolinaria alikuwa amechoka kubembeleza. Wiki nzima, kila jioni kwenye kipindi chake cha Salamu za Porini, aliwasihi warina asali walioko makambini huko Ulyankulu: "Jamani, tumeni meseji! Tafuteni mtandao popote, tumeni!" Maana Luhende, mwenye redio, alishasema kipindi kisicho na meseji hakina wasikilizaji, na kisicho na wasikilizaji hakipati matangazo ya biashara, kwa hiyo atakifuta. Na huko porini, nyumbani kukitokea msiba au mtoto akizaliwa, habari haina njia nyingine ya kufika.

Ikaja meseji moja. Moja! "Tunakusikia vizuri. Leopoldi."

"Huyu ndiye umati wako?" Luhende alicheka. "Kipindi cha udaku meseji zinamiminika mpaka simu inaganda. Mama, tuachane na porini."

Haki ya Mungu, siku ile angempata huyo Leopoldi angemzaba kofi. Watu unawapigania, wenyewe kimya!

Jumatatu, saa ya salamu ikapewa udaku. Siku hiyohiyo akaingia Nibizi, mke wa Leopoldi, anahema, kanga imelowa jasho. Mtoto wao amelazwa hospitali ya Kitete, anahitaji damu, ndugu wanatakiwa kujitolea. "Dada, mtangazie baba yake. Redio yao wanaiwasha saa yako tu, betri zisiishe."

"Kipindi kimefutwa, mdogo wangu."

"Kimefutwaje wakati sisi tunakisikiliza?"

Apolinaria alitamani kupiga yowe. Saa yake ilipofika aliingia studio, akamnyang'anya mtangazaji wa udaku kipaza sauti, akatoa tangazo, akarudia, akarudia tena. Simu ya kituo ikafurika: Nani huyo? Mtoeni! Turudishieni udaku wetu! Luhende, mishipa ya shingo imemtoka, akamwambia kesho aje kuchukua vitu vyake tu.

Kesho yake mchana alipofika, alikuta baiskeli zimejaa uani mpaka hakuna pa kupita. Wanaume walikuwa wamesimama hapo, vumbi mpaka kwenye kope, nguo bado zinanuka moshi wa kufukuzia nyuki. Luhende alikuwa mlangoni, haelewi kitu.

"Shikamoo, mama," alisema mmoja, akivua kofia. "Mimi Leopoldi. Tumeendesha usiku kucha. Tumetoka kutoa damu, mtoto kafumbua macho, kaomba uji. Tukasema tusirudi bila kukushukuru."

"Marahaba, baba! Mungu ni mwema," alisema Apolinaria, na machozi yakamtoka pale pale. Kisha hasira ikampanda upya. "Lakini nyie watu! Wiki nzima naomba meseji, mnatuma moja?"

Leopoldi alimshangaa. "Si tulijibu, mama? Makambi yote tulikaa kikao, wakanituma mimi nipande mlimani kwenye mtandao nijibu kwa niaba ya wote. Hata leo hapa mlangoni, ulitaka kila mtu apige hodi yake?"

Luhende alikohoa. "Sawa, sawa. Basi kila mmoja aniachie namba yake ya simu, tuone kama kweli mko wengi."

"Simu ya kambi ni moja, mzee."

"Sasa mimi nitahesabu nini?"

Apolinaria akasonya, msonyo mrefu uliosikika hadi barabarani. "Hesabu baiskeli, Luhende! Si macho unayo?"

Akampita pale mlangoni, akaingia studio kuandaa salamu za jioni, na hakumwomba mtu ruhusa.