Ruhusa ya Siku Nzima

Eirwen Pugh alikuwa na mapafu mabovu na mdomo mzima. Tangu ngazi zimshinde, kitanda chake kilikuwa sebuleni, na kila siku ya chuo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, aligonga dari kwa mpini wa ufagio mpaka mjukuu wake ateremke.

"We Gwenno! Basi halina bibi wa kulibembeleza likungoje!"

Gwenno, miaka kumi na saba, mlalaji wa usingizi wa pono, alishuka macho nusu, akawasha birika, akampa bibi dawa yake ya kuvuta, akatoka mbio na kipande cha mkate mdomoni. Nyuma yake ilimfuata sauti ile ile ya kila siku: "Usaini!"

Serikali ilimlipa Gwenno pauni arobaini kwa wiki ili abaki chuoni, kwa kuwa nyumbani kwao hali ilikuwa ya kubangaiza. Sharti lilikuwa kuhudhuria na kusaini daftari la mahudhurio. Ukikosa kipindi kimoja bila ruhusa, pesa ya wiki nzima imekwenda na maji. Pesa hiyo ndiyo iliyolipa nauli ya kushuka bondeni mpaka chuoni na kurudi, na iliyobaki iliingia kwenye kadi ya kulipia gesi ya nyumbani. Ukipoteza wiki moja huna nauli ya wiki inayofuata, na huko ndiko kuacha chuo kulikoanzia kwa nusu ya vijana wa mtaa ule. Aliyetunga sharti hilo bila shaka alikuwa na afya njema, na mama yake pia.

Gwenno alisomea ufundi umeme, msichana pekee kati ya wavulana kumi na wanne. Bibi alimtangazia hilo muuguzi aliyekuja kila Ijumaa, akamtangazia tarishi, akamtangazia hata mchungaji ambaye alikuwa hazungumzi naye tangu ugomvi wa mapazia ya kanisa.

"Fundi huyo," alisema, akihema. "Mkizimikiwa na umeme msinijie na maneno matamu. Mtalipa kama watu wengine."

Ruhusa ilikuwepo, na wote wawili walijua. Lakini kuomba ruhusa ni kueleza, na nyumba ile haikumweleza mtu kitu. Gwenno alipokuwa na miaka tisa, mama yake akiwa ameshazikwa, alimsimulia mwalimu wake kwamba bibi ameanguka bafuni na yeye ndiye aliyepika mayai ya jioni. Alitaka kusifiwa kwa mayai tu. Wiki iliyofuata walikuja watu wawili wa ustawi wa jamii, wenye mikoba na tabasamu, na Gwenno akakaa miezi minne kwenye nyumba ya watu asiowajua, akilowesha kitanda kila usiku. Aliporudi, bibi hakumgombeza. Alimkalisha kwenye kiti cha jikoni na kumwambia, "Kuanzia leo, ukiulizwa, sisi hatujambo. Umesikia? Hatujambo."

Miaka minane walikuwa hawajambo.

Mwezi wa kumi na moja ulipoingia na mvua yake isiyojua kupumzika, Eirwen alianza kulala ameketi. Jumanne moja midomo yake ilikuwa na rangi ya wino. Gwenno aliiona, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Kesho siendi, bibi. Nitamwambia mwalimu Prosser."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba unaumwa."

"Halafu atauliza nani anakaa na mimi, utasema wewe. Atauliza nani anakaa na wewe, utasema nani? Malaika?" Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. "Kesho una mtihani wa kuunga nyaya. Nenda."

"Ukizidiwa je?"

"Beti yuko hapo. Nitagonga."

Beti alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Nyumba za mtaa ule zilishikana kutoka juu ya kilima mpaka chini, na watu waligongeana ukutani tangu enzi za wachimba makaa ya mawe: mara mbili, usiku mwema, mara tatu, njoo upesi.

Asubuhi ya Jumatano bibi hakugonga dari. Gwenno aliamka mwenyewe, akashuka mbio, akamkuta bibi ameketi, nywele ameshachana, ameweka sura ya kumpeleka mtu kazini.

"Umevaa soksi nzito?"

"Nimevaa. Bibi, mbona hukugonga?"

"Dari imechoka nami. Njoo nikuone." Alimfunga kifungo cha koti, polepole, kidole kikiteleza mara mbili. Kisha akampiga kofi dogo la shavuni. "Haya. Usaini."

Gwenno alisimama mlangoni. Alijua. Baadaye alijiambia kwamba hakujua, lakini alijua, na miguu ikamtoa nje hivyo hivyo, kwa sababu basi lilikuwa linakata kona na pesa ya wiki ilikuwa ndani ya basi lile.

Alisaini saa tatu kamili. Kwenye karakana simu ziliwekwa sandukuni, na mtihani ulichukua saa mbili. Waya wa mwisho aliuunga vizuri, taa ya ubao wake ikawaka, na Prosser akamwonyesha dole gumba. Alipoichukua simu, Beti alikuwa amepiga mara tisa.

Basi la kurudi lilijikokota. Kondoo walikuwa wamesimama katikati ya barabara na dereva aliwapigia honi kwa adabu, na Gwenno alitamani kumng'oa kwenye usukani.

Beti alikuwa mlangoni, aproni mkononi. Hakuhitaji kusema, ila alisema, maana kunyamaza kungekuwa ukatili.

"Aligonga saa nne kasorobo. Nilikuwa naye, mwanangu, nilimshika mkono. Ambulensi ilikuwa bado iko njiani."

"Aliniita?"

Beti alifuta pua kwa aproni. "Aliuliza saa. Nikamwambia saa nne na dakika tano. Akasema, 'Basi ameshasaini.' Akafumba macho."

Gwenno aliingia, akapanda kitandani na viatu vyake, akamlalia bibi kifuani. Hapakuwa na ule mkoromo aliozoea kuusikia humo. Alilia kwa sauti, na safari hii hakujali nani anasikia upande wa pili wa ukuta.

Jumatatu alirudi chuoni. Alimkuta Prosser ofisini, mtu mnene, kalamu tatu mfukoni.

"Mwalimu, naomba ruhusa Alhamisi ya wiki ijayo. Namzika bibi yangu."

Prosser aliinuka nusu, akakaa tena. "Pole sana, Gwenno. Alikuwa mgonjwa?"

"Tangu mwaka jana. Nilikuwa namuuguza."

"Peke yako? Mbona hukuniambia?"

"Ungewaita watu wa ustawi wa jamii."

"Waje wafanye nini, wamchukue fundi wa miaka kumi na saba?" Alicheka kidogo, kisha akaiona sura yake, kicheko kikafa. "Nina watano hapa wanaouguza watu wao. Wananiambia, natia saini, pesa inaingia kama kawaida."

Akavuta droo, akatoa karatasi kutoka kwenye bunda. Ilikuwa ndogo kama kiganja: jina, tarehe, sababu kwa mstari mmoja, siku nzima au nusu, saini.

"Ni hii tu?" aliuliza Gwenno.

"Hii tu."

Aliijaza. Haikuchukua hata dakika. Prosser akasaini, akadhani wamemaliza, lakini Gwenno alichukua karatasi nyingine kwenye bunda, akaandika jina lake, akaandika tarehe ya Jumatano iliyopita, na kwenye sababu akaandika: *Kukaa na bibi.* Akaisukuma mezani.

Prosser aliisoma. "Jumatano ulikuwepo," alisema taratibu. "Ulisaini."

"Najua."

Mvua ilipiga dirishani. Prosser akatoa kalamu mfukoni.

"Hapa hukujaza," alisema. "Ni nusu au siku nzima?"

"Siku nzima," alisema Gwenno.