Vifungo vya Sweta la Kristiana

Kosa la kwanza alilifanya Luciana mwenyewe, na alilifanya kwa ufagio. Aliposikia kwamba Bwana Mbonile, afisa wa mfadhili, anakuja kupima mahitaji ya wakazi wa kituo, alifagia siku mbili. Sasa angefanyaje? Mwanamke wa Kifipa aliyelelewa akaleleka hampokei mgeni kwenye uvundo. Magodoro yakaanikwa, mashuka mazuri yakaazimwa parokiani, na maboksi ya pampasi yakasukumwa stoo kwa sababu Kristiana aliomba mwanaume asizione. Ana miaka thelathini na miwili yule, si mtoto, na aibu anayo kama wewe na mimi.

Kituo chenyewe kiko pembezoni mwa Malangali, nyumba ndefu ya tofali za kuchoma yenye wakazi kumi na mmoja ambao mwili umewakatalia. Luciana ni mlezi hapo mwaka wa tisa. Kristiana ana mtindio wa ubongo; aliletwa miaka sita iliyopita kutoka Mtowisa, kule bondeni, akiwa na kidonda nyongani ambacho kingemeza yai. Kaka yake Leonardi si mtu mbaya, tusimsingizie. Lakini mpunga haungoji mtu, na familia ilipokwenda shamba Kristiana alibaki mkekani na bakuli la uji tangu asubuhi hadi jua kuzama, bila wa kumgeuza. Hapa kituoni aligeuzwa kila baada ya saa mbili, na kidonda kikafunga. Mfadhili akimweka daraja la juu la mahitaji, anabaki. Akimweka la chini, anarudi Mtowisa. Hilo kila mtu alilijua.

Na hapo ndipo penye uchungu. Mwaka mzima Luciana alikuwa akimfundisha Kristiana kufunga vifungo vya sweta, maana Juni ya Ufipa haina huruma, na mtu mzima hapendi kuvalishwa kila siku. Siku ya mgeni Kristiana alianza kufunga saa kumi na mbili asubuhi. Bwana Mbonile alipofika saa tatu na nusu, akawaamkia wakubwa wote shikamoo, akapewa chai na viazi, vifungo vitatu vilikuwa tayari. Cha nne kilifungwa akiwa anakunywa. Cha tano kilipoingia tunduni, jasho likimtiririka Kristiana usoni kwenye baridi ile, Luciana ndiye aliyeanza kupiga makofi. Mgeni naye akapiga. Kisha akainama akaweka tiki kwenye fomu yake.

Akauliza kama wanalala vizuri, wakasema vizuri. Akauliza kama kuna shida. Nani amtwishe mgeni shida na chai bado haijapoa? Wakasema tunashukuru Mungu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli walipona!

Barua ilikuja Agosti: Kristiana anajimudu, mahitaji yake ni madogo, arudishwe kwa familia. Luciana alikwenda kwa miguu hadi ofisini mjini. Alieleza yote, kidonda, kugeuzwa, pampasi, na karibu saa nne za kufunga vifungo vitano. Mbonile, kijana wa watu, alimsikiliza hadi mwisho na kumwelewa, na hilo lilimchoma Luciana kuliko kama angefukuzwa.

"Mama, fomu inauliza anaweza au hawezi," Mbonile alisema. "Haiulizi anatumia muda gani. Na pampasi sikuziona."

"Si ungeniuliza mimi, mwanangu?"

"Nilikuuliza, mama. Ulisema mnashukuru Mungu."

Mbonile akaahidi kuwaandikia wakubwa zake wairekebishe fomu, na akasema tathmini nyingine ni mwakani.

Siku Leonardi alipokuja na gari la kukodi, Kristiana alikataa kuvalishwa. Alitaka kaka yake aone. Dereva alipiga honi mara tatu, akachoka, akazima gari akalala, na Luciana akakaa kitandani akiangalia vidole vile vikihangaika, akijilaani kwa kila kifungo alichomfundisha.

Novemba Leonardi alipiga simu. Kidonda kimerudi, alisema, na wanalima, wafanyeje? Luciana akauliza habari za sweta. Leonardi akashangaa: liko kwenye msumari, kwani kule bondeni kwa joto lile nani anavaa sweta? Luciana alikata simu akalia mbele ya sufuria ya maharage, wala hakujificha.

Mwaka uliofuata Mbonile alirudi na fomu ileile. Safari hii Luciana hakufagia. Mashuka yalibaki na madoa yake na pampasi zikapangwa pale mlangoni. Zenon, mzee mwenye mikono ya kutetemeka, alikuwa amejifunza mwezi ule kunywa uji kwa kikombe bila kumwaga. Alimsubiri mgeni tangu alfajiri, kikombe mkononi, meno yote nje. Gari liliposikika likikata kona, Luciana alimwondolea kikombe.

"Leo huwezi, baba."

"Naweza," Zenon alisema.

"Najua. Lakini leo huwezi."

Akamfunga kitambaa shingoni, akachota uji kwa kijiko, akampelekea mdomoni. Zenon akafumba midomo akamtazama. Uji ukamtiririka kidevuni hadi kifuani, na Luciana, ambaye miaka kumi amekuwa akiwafuta watu videvu, hakuufuta.