Chama cha Waongo wa Kivuko Kikavu

Jumatatu asubuhi Victoire alitumia saa moja na nusu kukwangua magamba ya samaki kwenye sakafu ya ukumbi. Yalikuwa makubwa kama visahani vya chai na yalikuwa yamejipenyeza hadi chini ya piano. Samaki mwenyewe, wa mita nne, alitokea Jumamosi saa tisa na robo alasiri, wakati dereva mstaafu wa treni akieleza jinsi alivyomvua kwa pini ya nywele ya mkewe. Kwa kuwa hakuna mwanachama aliyekuwa na friji ya kumtosha, Burhani alimpakia kwenye bakkie, pikapu yake, akampeleka Fordsburg kwenye mgahawa wake, akamkata vipande, akamuuza na chipsi. Wateja walisifu kwamba hana miba. Wakalalamika kwamba hana ladha. Burhani akaongeza ndimu.

Ukumbi huo uko Kensington, kati ya fundi funguo na duka la chakula cha mbwa. Victoire husafisha hapo Jumatatu. Siku nyingine husuka nywele kwenye kibaraza cha nyumba moja mtaa wa Observatory. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi ukumbi hukodishwa na Chama cha Waongo wa Kivuko Kikavu, ambacho katibu wake ni Mzee Chris, Mmarekani wa miaka sabini na tisa, aliyekuja Johannesburg kufunga pampu za migodini, akaoa, akafiwa, akabaki.

Kivuko Kikavu, au Dry Ferry kama wenyewe walivyouita, ni mji alikozaliwa. Ulikuwa na makanisa mawili na robot moja, yaani taa za barabarani. Mto uliopita hapo ulihama mwaka 1881 baada ya kukosana na mwenye kivuko, lakini mji haukumwachisha nahodha kazi. Aliendelea kuripoti kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa, na kwa maelezo ya Mzee Chris, hakuchelewa hata siku moja. Baadaye walimchagua nyumbu kuwa meya, mara mbili. Mara ya pili alipita kwa kura chache kwa sababu alikuwa ameanza kujisikia. Na kila mwaka, baada ya mavuno, watu walikusanyika nyuma ya kituo cha zimamoto kushindana kusema uongo.

Vijana walipohamia miji mikubwa na wazee wakaisha makaburini, dada yake Mzee Chris, aliyekuwa wa mwisho kuzima taa, alimtumia kwa posta kitabu cha sheria za mashindano, mhuri wa mji, na tuzo, ambayo ni sepetu lililopakwa rangi ya dhahabu, lile lile lililosafishia zizi la meya. Desturi ya mashindano ikaja ndani ya kifurushi hicho hicho. Uongo ukisemwa vizuri, kinachosemwa hutokea. Ukisemwa vibaya hutokea nusu, na ni Victoire anayeitoa nusu hiyo Jumatatu kwenye mifuko ya taka. Msemaji akiukana uongo wake, kitu hutoweka. Majirani hawajawahi kulalamika isipokuwa kuhusu maegesho.

Jumatatu hiyo ya magamba, Burhani alirudi kuchukua sinia zake za sambusa akamkuta Victoire ameketi ukingoni mwa jukwaa, barua mkononi.

"Wamekujibu?" aliuliza.

"Wamejibu. Njo ile ile."

Burhani, mtu wa Tanga, alikuwa amemsomea barua za namna hiyo tangu walipofahamiana. Kwa miaka kumi na moja Victoire, aliyetoka Uvira, Kongo, alikuwa akiomba ukimbizi, na kwa miaka kumi na moja ofisi ilikuwa ikimwongezea kibali cha miezi sita sita huku ikifikiri. Safari hii ilikuwa imemaliza kufikiri. Barua ilisema hadithi ya mwombaji haiaminiki, hasa sehemu ya kuku. Alikuwa na nafasi moja ya kukata rufaa, Alhamisi moja, wiki sita mbele. Baada ya hapo angetakiwa kuondoka nchini.

"Yaani wameandika kabisa kwamba ni uongo," Burhani alisema, akiigeuza barua kuona kama nyuma kuna la zaidi. "Na mhuri wamepiga."

"Umeona mwenyewe."

"Basi dada Victoire, kama serikali imethibitisha kwamba ni uongo, si uingie mashindano? Uongo wenye mhuri utashindwa na nani hapa? Bibi Sumaiya na kuku zake za kushona vifungo?"

Bibi Sumaiya, mwenye duka la vitambaa, alikuwa bingwa mara tatu. Victoire hakucheka. Kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Hadithi ile aliieleza mara ya kwanza mbele ya ofisa mmoja, kisha wa pili, kisha wa tano, na kila mmoja alipumua kwa pua na kuandika. Mwaka wa saba alianza kujiuliza kama zilikuwa siku tisa kweli. Mwaka wa tisa, akiwa katikati ya kumsuka mteja, alijaribu kukumbuka rangi ya yule kuku akashindwa, na vidole vyake vikasimama kichwani mwa mtu.

Kwa hiyo alijiandikisha. Hakufanya hivyo kwa ajili ya sepetu. Alitaka kujua.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ukumbi ulijaa. Dereva wa treni alieleza mbu wa utotoni mwake, na mbu akatokea, kilo sita, akatolewa nje kwa mlango wa pembeni. Bibi Sumaiya alieleza jinsi alivyouza kitambaa kirefu hivi kwamba mnunuzi alipofika Durban ncha nyingine ilikuwa bado inapimwa dukani, na ukumbi ukajaa hariri ya kijani hadi magotini. Watu walipiga makofi. Kisha Mzee Chris akaita namba nne.

Kiingereza cha Victoire kilitosha kwa nywele. Kwa jambo hili alitaka lugha yake, Kiswahili, hivyo Burhani akapanda naye kutafsiri.

"Walikuja saa kumi na moja ya asubuhi," Victoire alianza. "Waaskari kumi na mbili."

"Askari mia moja!" Burhani alitafsiri, maana alikuwa mzoefu wa mashindano yale na alijua hadhira yake.

Jozi themanini na nane za buti zikatokea kwenye hariri, zimejaa matope.

Victoire alizitazama. "Kaka Burhani," alisema polepole, "sema vile nimesema."

"Nisamehe. Kumi na mbili," Burhani akasema, na buti zikaondoka. Zile kumi na mbili hazikuwa zimeonekana kabisa.

Basi akaendelea, naye Burhani akatafsiri bila kuongeza hata chumvi. Alisema jinsi mume wake Octave alivyomwingiza ndani ya tangi la maji la shule, lililokuwa tupu kwa sababu ya kiangazi, akamtupia mfuko wenye kuku, kwa kuwa kuku ndicho kitu pekee walichotoka nacho nyumbani, akafunga kifuniko akaenda kumtafuta mama yake. Alisema alikaa humo siku tisa. Kuku alitaga mayai saba. Siku mbili hakutaga. Aliyanywa mabichi. Watu walipita karibu, wengine waliegemea tangi wakavuta sigara, na kuku hakutoa sauti, hata alipotaga. Siku ya tisa mvua ilinyesha, maji yakaanza kupanda, akasukuma kifuniko kwa kichwa akatoka. Octave hakuwepo. Mpaka leo hajakuwepo.

Alipofika kwenye kuku alifumba macho. Kama angeyafumbua amkute kuku amesimama kwenye hariri ya Bibi Sumaiya, basi maofisa wote watano walikuwa na haki, na yeye alikuwa amejitungia mume aliyefunga kifuniko kwa mikono miwili ili kisigonge.

Akayafumbua. Hapakuwa na kuku. Hapakuwa na tangi, hapakuwa na tone la maji. Watu mia na ishirini walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki, na mbu wa dereva alisikika akijigonga dirishani kwa nje.

"Alikuwa mweusi," Victoire alisema. "Na shingo nyekundu, bila manyoya." Akaketi chini pale pale jukwaani, akajifuta uso kwa hariri.

Bibi Sumaiya ndiye aliyesimama kwanza.

"Katibu, napinga. Huyu mama amesema ukweli."

"Mwanzo mpaka mwisho," dereva wa treni akaunga mkono. "Hii ni dharau kwa chama."

Mzee Chris alivaa miwani, akafungua kitabu cha sheria, akasoma sheria ya kumi na moja, inayokataza ukweli wa kiwango chochote, na adhabu yake ni kuondolewa mashindanoni. Alisema inamsikitisha. Tangu mwaka 1894 alikuwa ameondolewa mtu mmoja tu, mchungaji, na yule ilikuwa bahati mbaya.

"Niandikie," Victoire alisema.

"Nikuandikie nini, mama?"

"Kwamba mumenitoa. Na sababu."

Mzee Chris alikaa mezani akaandika kwa mkono wake kwamba hadithi namba nne, ya Victoire, imeondolewa kwa kuwa ni kweli tupu, neno kwa neno, pamoja na kuku. Akagonga mhuri wa Kivuko Kikavu, wenye picha ya mashua isiyo na mto. Wanachama wote wakatia saini. Bibi Sumaiya alitia mara mbili, kwa hasira.

Alhamisi ya rufaa, Victoire alifika ofisini saa kumi na mbili asubuhi na kuitwa saa nane na dakika kumi. Ofisa aliisoma karatasi kwa makini, akairudia.

"Hawa waliotia saini ni nani?"

"Ni chama."

"Chama gani?"

"Cha waongo," Victoire alisema, kwa kuwa ndivyo kilivyoitwa.

Ofisa alipumua kwa pua. Alieleza, bila ubaya wowote, kwamba ofisi haiwezi kupokea ushahidi wa watu wanaokiri wenyewe kwamba ni waongo. Akaandika. Hata hivyo, kwa kuwa karatasi ilikuwa na mhuri wa nchi ya nje, ilibidi ipelekwe kwa wakubwa ikaangaliwe, na wakati wa kuangaliwa mwombaji asingeweza kufukuzwa. Akamwongezea miezi sita, akamkabidhi barua ya kawaida ya kueleza uamuzi. Victoire aliisoma kwenye taxi, akaisoma tena, kisha akampigia Burhani simu.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi alipanda tena jukwaani, peke yake, barua mkononi.

"Ulishaondolewa," Bibi Sumaiya alisema.

"Hii si yangu. Ni ya ofisi."

Mzee Chris alipekua kitabu. Sheria ya nne iliruhusu mshindani asiyeweza kufika atume uongo wake kwa barua. Akamwashiria aendelee.

"Tunapenda kukujulisha," Victoire alisoma kwa Kiingereza chake cha saluni, "kwamba shauri lako limeshughulikiwa kwa haraka."

Upande wa kushoto wa ukumbi yakatokea madirisha matatu ya vioo, yote yamefunguliwa.

"Kwa makini na kwa utu."

Nyuma ya kila dirisha akakaa ofisa, ameshanyolewa, kalamu mkononi. Feni zikazunguka juu. Vikatokea viti vyenye mito, choo chenye sabuni, na mashine ya namba yenye karatasi ndani.

"Ulisikilizwa kwa lugha unayoielewa."

"Karibu mama," ofisa wa dirisha la kati aliita, kwa Kiswahili safi cha Uvira. "Njoo, ukae. Unisimulie."

Hakuna aliyepiga makofi, kwa heshima. Hata Bibi Sumaiya alikiri baadaye kwamba hakuwahi kuona uongo uliokamilika hivyo, mpaka sabuni. Victoire akaenda dirishani. Alisimulia kwa dakika nne, na yule mtu hakuandika chochote mpaka alipomaliza.

"Pole sana, mama," alisema. Kisha akagonga mhuri.

Karatasi ya kukubaliwa aliyompa haikuwa na harufu ya wino, na mashine ya ofisi ya kweli haikuitambua, wala Victoire hakutarajia. Saa kumi kamili wale maofisa watatu walifunga madirisha, wakaaga, wakaenda kusimamisha taxi za mjini. Chama kilibaki na viti. Sepetu la dhahabu lilipigiwa kura na kutumwa kwa posta kwa mshindi, pamoja na barua ya pongezi ya Mzee Chris, na ofisi ikalipokea vizuri. Ililitundika ukutani na maandishi kwamba ni tuzo ya kimataifa ya huduma.

Miezi sita ilipoisha Victoire alikwenda kupanga foleni. Wakubwa walikuwa bado wanauangalia mhuri. Kando yake alikaa mwanamke kijana aliyefika wiki ile kutoka Bujumbura, bahasha yake bado mpya.

"Mama, hapa inachukuaga muda gani?" aliuliza.

"Miye naingia mwaka wa kumi na mbili."

Yule mwanamke alicheka, akampiga kidogo begani. "Aa, mama, unanitania."

Victoire akasogea kumpa nafasi ya kuweka mfuko wake.