Karatasi Isiyopenda Moto

Pale hospitalini mwanamke huyu walimwita Fundi Lehemu, maana hakukuwa na waya uliomshinda kuchomelea. Miaka ishirini alikuwa akitengeneza vichwa vya mashine za ultrasaundi, zinazopiga picha ya ndani ya mwili kwa sauti, vile vya zamani vyenye kigae ndani, na kigae, jamani, hata ukichome vipi kinavumilia.

Ila kichwa kilichokuwa mezani wiki ile kilikuwa kidogo tu, cha kupimia macho, na ndani yake hamna kigae. Mna karatasi ya plastiki, nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Ukiigonga inatoa umeme. Ukiipa umeme inatetemeka na kutoa sauti ambayo sikio halisikii. Plastiki! Alipoambiwa alicheka.

Hakucheka sana. Karatasi iliyokuwamo ilikuwa imechanika, na za akiba zilikuwa tatu. Ya kwanza aliichomelea nyaya, ikawa kiziwi. Ya pili vilevile. Ikabaki moja, na kesho yake mtu wa kwanza kupimwa alikuwa mama yake mzazi. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili, na daktari alishasema, "Sipasui kabla sijaona kama retina, ile ngozi ya kuonea iliyo nyuma ya jicho, ipo mahali pake. Ikiwa imebanduka, kupasua ni kumtesa bure."

Fundi akaitazama ile ya mwisho, mikono kiunoni. "We, una nini hasa?"

Akakata kipande cha ukingoni, akakiunga na kifaa cha kupimia umeme, akakigonga kwa kidole. Mstari kwenye kioo ukaruka. Akakisemesha, "Hujambo?" Mstari ukatikisika. Loo! Akakisogezea chuma cha kuchomelea, akakiacha kipoe, akakigonga tena. Kimya.

"Kumbe ni mimi!" akasema peke yake. "Mimi na moto wangu!" Aibu ilimshika, lakini hamu ya kujua ilimzidi, akarudia na kipande kingine ili ahakikishe. Kisha akazima chuma na kubandika nyaya kwa gundi inayopitisha umeme.

Asubuhi mama yake alilala kitandani, macho kafumba, akilalamika kuwa dawa waliyompaka kwenye kope ina baridi. Daktari akaweka kile kichwa kwenye jicho la kuume. Picha ikatokea, safi kabisa. Nyuma ya jicho, mbali na ukuta wake, ulining'inia mstari mweupe. Daktari akauonyesha kwa kidole.

"Kibovu hicho," fundi akadakia kwa sauti ya chini. "Gundi haijashika. Lete nikirudishe." Tangu aanze kazi hajawahi kuomba kazi yake iwe mbovu.

"Mnanong'ona nini nyie?" mama akauliza. "Kama hamkiamini, si mkijaribu kwa jicho zima?"

Fundi akafumba jicho lake mwenyewe, daktari akampima. Nyuma ya jicho kulikuwa safi, hakuna mstari wowote. Fundi akarudi kando ya mama yake.

"Sema, mwanangu. Mimi si mtoto."

"Kifaa ni kizima, mama. Jicho ndilo bovu. Retina imebanduka."

"Na imebanduka siku nyingi," daktari akaongeza taratibu. "Hilo halitaona tena. Pole, mama."

Mama akaupapasa mkono wa binti yake, akaushika. "Basi angalau kinasema kweli. Haya, pimeni la kushoto, mnangoja nini?"

Fundi aliangalia sakafu kwanza, ndipo akainua macho kutazama picha. Ukuta wa nyuma ya jicho ulikuwa umezunguka vizuri, mzima, hauna mstari. Alitaka kuuliza kama kifaa hakidanganyi, akakumbuka kwamba amekwisha kukihakikisha kwa jicho lake mwenyewe. Machozi yakamtoka.

"Hili tunapasua Alhamisi," daktari akasema, keshashika kalamu. "Hili litaona."

"Alhamdulillahi. Sasa we mwanangu unalilia jicho lipi?"

"Yote mawili, mama."