Yule Mtoto wa Juu ya Paa

Mtoto alisimama mlangoni akiwa na sare ya shule, soksi moja juu, nyingine imeshuka hadi kisiginoni. Hakuna mtu ofisini aliyemjua. Alingoja mpaka wote watatu wakamtazama.

"Shikamooni," alisema. "Nani kati yenu anahesabu maharage?"

Mwalimu Mstaafu, ambaye chai ilikuwa ndiyo kwanza imfike mdomoni, aliangua kicheko hadi akalazimika kuweka kikombe chini. "Marahaba. Tunahesabu sote, mjukuu wangu. Kwani tumekupunja?"

Mtoto hakucheka.

Ilikuwa ofisi ndogo nyuma ya kanisa: meza, televisheni, viti vinne, na kopo la bati lililowahi kuwa la maziwa ya unga. Humo watatu hao hukaa kutazama filamu za familia kwa niaba ya wazazi Wakristo ambao hawana nafasi ya kuzitazama kwanza. Utaratibu ulikuwa wa Mama Mlezi, mwanzilishi wa kipindi chao cha redio. Kila mmoja hushika maharage kiganjani. Filamu ikitoa tusi, uongo unaosifiwa, ngumi isiyo na sababu au dharau kwa Mungu, harage linaangushwa koponi. Yakizidi kumi, filamu haifai nyumbani, na Ijumaa jioni hesabu husomwa redioni. Kipindi kilipendwa. Watoto mtaani, mmoja akimsukuma mwenzake kwenye foleni ya bomba, waliambiana, "Haya, harage hilo."

Wa tatu wao alikuwa binti aliyemaliza chuo kikuu majuzi tu, na kwa sababu hiyo wenzake walimwita Msomi, nusu kwa upendo, nusu kwa uchokozi. Koo la Mama Mlezi lilikuwa limechoka, na Ijumaa ya wiki hiyo alikusudia kumkabidhi binti kipindi moja kwa moja. Msomi alikitaka kuliko alivyothubutu kusema. Aliamini kwamba filamu njema ikiingia sebuleni, baba aliyerudi na hasira za kazini anaweza kukaa na wanawe na kucheka nao, na kwamba hiyo nayo ni ibada.

"Ni ile filamu ya mjukuu wa fundi saa," mtoto alisema. "Mlisema ina maharage kumi na matatu."

"Tulisema," Mama Mlezi alijibu. "Yule mtoto, babu yake alipofariki, alipanda juu ya paa akamfokea Mungu. Si mfano wa kuiga, mwanangu."

"Ndiyo. Sasa mimi nilisema kama yeye, bibi alipofariki. Tena nilisema zaidi." Aliinama akavuta soksi. "Nilitaka kujua mimi ningepata mangapi."

Mwalimu Mstaafu aliangalia chai yake kana kwamba kuna kitu kimedondokea humo.

Msomi alimsogezea mtoto kiti. Taratibu, swali moja moja, walipata habari zake. Bibi ndiye aliyemlea. Sasa alikuwa anakaa na mjomba wake, fundi makochi wa barabara ya nyuma, mtu mpole asiye na maneno mengi. Waliitazama filamu pamoja kwenye simu ya mjomba, wakairudia, kisha ndipo wakasikia kipindi. Tangu hapo mtoto alikuwa hasali. Mjomba akiinamisha kichwa kubariki chakula, yeye hutoka nje, akarudi sala ikishakwisha.

"Kwa nini utoke?" Msomi aliuliza.

"Si nimeshapita kumi."

Mama Mlezi aliinuka, akachuchumaa mbele yake kwa shida, goti likalia. "Mungu hahesabu maharage, mwanangu. Umesikia?"

"Lakini nyinyi si ndio watu wake? Na redio ni yenu."

Msomi aliwasha televisheni, akaipeleka filamu mpaka kwenye paa, kisha akalifungia kopo kabatini. "Tutazame tu," alisema. "Mikono mitupu."

Kwenye filamu mtoto wa paani alifoka. Alisema Mungu ni mwizi, alisema hataki tena kuongea naye, alirusha kiatu angani na kiatu kikamrudia. Msomi alikumbuka vizuri walivyokuwa siku ile ya kuhukumu. Mwalimu Mstaafu alishikilia kwamba kila sentensi ina harage lake. Mama Mlezi alisema kufoka kumoja ni harage moja, labda mawili. Walibishana kwa sauti, hoja juu ya hoja, naye Msomi akiwa chini ya meza anaokota yaliyoanguka pembeni.

Sasa chumba kilikuwa kimya. Mtoto wa paani aliishiwa pumzi, akakaa, akafuta pua kwa mkono wa shati. Kisha akasema kwa sauti ndogo sana, kama anayeongea na mtu aliyeketi ubavuni pake: "Basi kama huwezi kumrudisha babu, usiondoke na wewe."

"Hapo," mgeni wao alisema. "Hapo hamkusikia?"

"Hatukusikia," Msomi alisema.

Mwalimu Mstaafu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena.

"Na wewe ulisema hivyo?" Msomi alimuuliza mtoto. "Hayo ya mwisho?"

Mtoto alitikisa kichwa kukubali. "Lakini kimoyomoyo."

"Hiyo ni sala. Hata Bwana Yesu, pale msalabani, aliuliza kwa nini ameachwa. Hakuna aliyemfukuza mezani."

Mtoto alimtazama kwa makini, kama mnunuzi anayegeuza nyanya. "Basi semeni," alisema. "Lile la kwanza mlisema redioni. Na hili semeni redioni."

"Ijumaa," Msomi alisema. "Nakuahidi. Nitasema mimi mwenyewe."

"Mjomba huwasha redio akiwa anashona. Nitakuwa hapohapo."

Alipoondoka, Mama Mlezi alifunga mlango. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtia Msomi wasiwasi.

"Umetoa ahadi ya kitu kisicho chako," alisema. "Hukumu ikishasomwa, wa kuibadilisha ni wazee wa kanisa. Tutawapelekea wakikaa tena, baada ya mwezi mmoja. Nitaitetea mimi mwenyewe, kwa moyo wote. Nimeona nilichoona."

"Mwezi, Mama?"

"Mwezi ni kitu gani?" Mwalimu Mstaafu aliingilia. "Ukipepesa macho umekwisha."

"Kwako, Mwalimu. Yeye ana miaka tisa."

"Nisikilize," Mama Mlezi alisema. "Wazazi wanatuamini kwa sababu hatuyumbi. Leo haifai, kesho inafaa, keshokutwa watatusikiliza kwa lipi?"

"Na wakijua kwamba tulihukumu tukiwa tunabishana?"

Mama Mlezi alivuta kiti, akakaa. "Sikutishi, binti yangu, nakueleza kabla hujafika huko. Ukilisema Ijumaa bila wazee, sitaweza kukukabidhi kipindi. Hawatakubali, na mimi sitawabembeleza. Mwenye kukalia kiti kile lazima akubali kusubiri wengine."

Msomi aliona kwamba maneno hayo yalikuwa ya haki kwa namna yake, na ndiyo maana yalimuuma.

Walipokuwa wanafunga ofisi, Mwalimu Mstaafu alimvuta kando. "Usijiharibie, Msomi. Nenda kwa huyo mjomba, mwambie mtoto uso kwa uso. Pipi moja, maneno mawili, yamekwisha."

Alhamisi, kabla giza halijaingia, Msomi alikwenda kweli. Karakana ilikuwa wazi, sponji zimerundikwa hadi darini, kochi moja limelazwa kifudifudi na matumbo nje. Mjomba alikuwa ameketi mbele ya sahani mbili, sindano bado imechomekwa kwenye kola ya shati. Alikuwa ameinamisha kichwa. Mtoto alikuwa nje, mgongo ukutani, akichora kitu mavumbini kwa kidole cha mguu, akingoja sala iishe.

Alimwona Msomi, akanyoosha mgongo. "Ni kesho, sivyo?"

Msomi alikuwa amekuja na maneno yake mawili. Pipi nayo ilikuwa mfukoni. Lakini aliona wazi kwamba mtoto huyu alikuwa ameshaambiwa mambo mengi pembeni na watu wazima wenye huruma, na yote yalikuwa yamebaki pembeni.

"Ni kesho," alijibu.

Ijumaa, studioni, Msomi alisoma kipindi vizuri kuliko siku zote. Filamu ya wiki ilikuwa ya ndugu wawili na punda mkaidi, haina neno, na alipoeleza jinsi punda alivyogoma kuingia kanisani siku ya harusi, fundi mitambo alijikuta anacheka peke yake. Mama Mlezi alikuwa upande wa pili wa kioo, karibu na swichi ya kukata sauti. Alikunja mikono na kutabasamu. Ilibaki nafasi ya kuaga wasikilizaji.

"Kabla sijaaga," Msomi alisema, na aliona tabasamu lile likitoweka, "kuna jambo nililomwahidi mtu. Tuliwaambia kwamba filamu ya mjukuu wa fundi saa haifai. Wazee wa kanisa hawajalizungumza, kwa hiyo hili ni langu, msiwalaumu wenzangu. Nimeitazama tena. Mara ya kwanza tulikuwa tunabishana, na maneno ya mwisho ya yule mtoto yakatupita. Alimfokea Mungu, ni kweli. Halafu akamwomba asiondoke. Hiyo ni sala. Mtoto yeyote anayesikiliza, ambaye amewahi kusema kama yeye, ajue kwamba amesikiwa, na kwamba hana sababu ya kungoja nje."

Mkono wa Mama Mlezi ulikuwa juu ya swichi. Haukushuka.

Taa nyekundu ilipozimika, Msomi alivua hedifoni, akainuka kitini. Mama Mlezi aliingia, akakaa mahali pale, akaanza kurekebisha urefu wa kipaza sauti ulingane na mdomo wake.

"Wiki ijayo nitasoma mwenyewe," alisema.

"Najua, Mama."